Uzito wa Saa Moja Asubuhi

Muthara, huko Tigania, ilikuwa na mizani tatu za miraa mwaka ule wa 1996, na mbili kati yake zilijulikana kwa uongo. Ya tatu ilikuwa ya Karambu.

Haikuwa mpya. Ilining'inia kwenye boriti ya banda la mfanyabiashara Mzee Mbaabu, kioo chake kina ufa, rangi imebanduka kama ukoko wa ugali. Lakini kila asubuhi, kabla gunia la kwanza halijaguswa, Karambu alitundika jiwe la kilo kumi alilokuwa amehakikishiwa na watu wa vipimo wa serikali. Mshale ukisimama kwenye kumi, kazi inaanza. Ukikosea hata kwa unywele, wanaume wote na haraka zao walimngoja mpaka aunyooshe. Kuna wakulima waliopita mabanda mawili na mzigo begani ili wapimiwe na yeye tu.

Mwanzoni wazee walikunja nyuso. Miraa ni mali ya wanaume, walisema. Mwanamke hapandi mti wake wala hachumi. Karambu aliwajibu kwamba yeye hapandi wala hachumi, anapima, na kama kuna mzee anayeogopa kupimwa ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Hakuwa akitafuna, hakuwa akiuza, na kwao hapakuwa na shamba la miraa, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumpendelea yeyote. Kabla ya hapo alikuwa amepima kahawa kiwandani miaka kumi na mitano. Mumewe Riungu, mwalimu wa shule ya msingi, alizoea kuwaambia wageni kwamba katika nyumba yake hata chumvi haiingii sufuriani bila kuulizwa ina uzito gani.

Ndege ya mizigo aliyokuwa akikodi Mbaabu ilikuwa ya injini mbili, na ilibeba kilo elfu moja na mia mbili, si zaidi. Yaani magunia arobaini ya kilo thelathini. Karambu alipima, akaandika, akatia sahihi, na karatasi ikateremka pamoja na mzigo hadi uwanja wa ndege wa vumbi ulioko chini tambarare, ambako rubani aliisoma na kuiamini. Baada ya kutia sahihi Karambu alikwenda kunywa chai. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

Siku ya ajali ilikuwa Jumanne ya mwezi Februari, jua limewaka tangu Krismasi bila tone la mvua. Ndege ilitarajiwa saa mbili, ikafika karibu saa tano. Ikapakiwa mbiombio, kwa sababu miraa haina subira: ikinyauka imekufa, na kule Mandera hakuna atakayeinunua. Ikapaa. Haikufika mbali. Injini ya kushoto ilikohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Rubani, Kapteni Kithaka, mtu wa Gachoka huko Mbeere, akajaribu kuigeuza arudi uwanjani. Ndege ikazidi kushuka, ikalalia tumbo kwenye miiba kabla ya kuufikia uwanja. Kithaka alivunjika miguu yote miwili. Mukiri, kijana wa banda la Mbaabu aliyekuwa akisafiri na mzigo ili aushushe upande wa pili, alikufa pale pale.

Watu waliofika kwanza walimtoa rubani, wakamfunika Mukiri shuka, kisha, tuseme ukweli, wakachukua miraa. Polisi walipofika hapakuwa na gunia la kuhesabiwa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Rubani alisema hospitalini kwamba ndege ilikuwa nzito kuliko karatasi yake. Neno hilo likafika Muthara siku hiyo hiyo, na kabla ya jioni Mzee Mbaabu alikuwa ameshapata jibu: Mukiri alipenyeza magunia yake mwenyewe. Aliiba nafasi ya ndege, Mungu akamlipa. Lisemwalo lipo, wakaongeza wale ambao hawajawahi kuliona lolote. Kwenye mazishi kwaya ya kanisa haikuja. Na mama yake, Ciakuthii, mjane aliyekuwa akiuza ndizi sokoni, akaanza kuona wanawake aliozeeka nao wakivuta vikapu vyao karibu anapopita.

Karambu hakulia mazishini. Alikasirika. Mukiri alikuwa amefanya kazi mbele ya macho yake miaka sita, na hakuwahi kumwona akichukua hata tawi moja bila kuomba. Kama kijana yule alipenyeza magunia, basi macho ya Karambu hayafai. Na kama hakupenyeza, basi mizani ndiyo iliyodanganya. Hapo katikati hakuona pa kusimama, na mama huyu hakuzoea kukosa pa kusimama.

Siku ya nane baada ya ajali alikuja mkaguzi wa ajali za ndege, bwana Nyaga, mwenyeji wa Kanja huko Embu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kuuliza swali lile lile mara mbili kana kwamba jibu la kwanza lilikuwa la mazoezi.

"Mama Makandi," alimwambia Karambu, kwa kuwa alikuwa ameshauliza jina la binti yake ili amwite kwa heshima, "hii mizani yako tunaweza jaribu?"

"Jaribu. Na ukimaliza hapa, jaribu hizo zingine mbili, serikali ipate kazi."

Nyaga akatundika mawe yake. Kumi, ishirini, hamsini. Mshale ulisimama palipotakiwa kila mara. Akarudia yote upya.

"Mizani iko sawa," alisema.

"Si nilikuambia?"

"Hiyo ndiyo inanisumbua." Akaketi juu ya gunia tupu. "Injini tumefungua. Vali moja imekatika ndani, chuma kimechoka tu. Hiyo sina shida nayo. Lakini ndege ya injini mbili, moja ikikufa, ya pili inafaa kurudisha watu nyumbani. Kwa nini haikurudisha? Jua ni kali, sawa, hewa ya joto haibebi vizuri. Lakini jua peke yake haliwezi. Rubani ananiambia ndege ilikula uwanja mzima ndio ikainuka. Kuna uzito iliingia kati ya hii mizani na mlango ya ndege. Watu wanasema ni Mukiri."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi sisemi, mama. Mimi naandika yale nimeonyeshwa. Na kikao ni Ijumaa ya wiki ijayo."

"Basi utaonyeshwa," alisema Karambu.

Alianza na Ndambiri, dereva wa pikapu. Alimkuta chini ya gari, akamsemesha akiwa huko huko. Siku ile ulibeba magunia mangapi? Arobaini. Ulisimama njiani? Sikusimama, nilikuwa nimechelewa. Una hakika hakuna gunia lililoongezwa?

"Mama Makandi, nilifunga kamba na hii mikono yangu. Hata paka hangepata mahali pa kuketi. Na kule uwanjani nilishusha mimi na Mukiri, moja moja, tukihesabu. Hao watu wa maneno waliniuliza? Hakuna aliniuliza."

Kwa hiyo magunia yalikuwa arobaini, na kila moja lilikuwa limetoka kwenye mizani isiyodanganya. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kwenda nyumbani. Karambu alikaa siku mbili akilifikiria jambo hilo huku akipima, akitia sahihi, na kukaripia watu kwa makosa madogo, mpaka Jedidah, mwanamke aliyekuwa akifunga mizigo bandani, akamuuliza kama anaumwa jino.

Siku ya tatu aliamua kufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alichagua gunia moja, akalipima likiwa na miraa yake ndani ya majani ya migomba, kilo thelathini kamili, akalifunga uzi mwekundu. Akatia sahihi karatasi. Lakini hakwenda kunywa chai. Alilifuata gunia lake.

Lilikwenda nyuma ya banda, kivulini. Jedidah akalifungua, akaongeza tabaka la majani mabichi ya migomba kwa juu na pembeni kwa sababu ya jua. Akachukua ndoo akamwagia maji. Akalifunga, akalimwagia gunia lenyewe mpaka likawa jeusi. Baada ya saa moja, mzigo ukiwa bado unangoja gari, akapita tena na ndoo. Kisha mara ya tatu.

Karambu alikuwa akijua. Kila mtu Muthara alikuwa akijua kwamba miraa humwagiwa maji, hata mtoto wa chekechea angekuambia. Ndivyo ilivyofanywa tangu miraa ianze kusafiri, na aliyemwaga vizuri alisifiwa kwamba ana mkono mzuri. Mukiri alikuwa na mkono mzuri kuliko wote. Lakini kujua ni kitu kimoja na kufikiri ni kingine.

"Jedidah, nisaidie kulibeba hili."

"Tulipeleke wapi?"

"Kwenye mizani."

"Kwani si umeshapima? Ama kuna mtu ameiba?"

"Hakuna mtu ameiba," alisema Karambu.

Wakalitundika. Maji yakadondoka sakafuni. Mshale ukapita thelathini, ukapita thelathini na tatu, ukatetemeka, ukasimama kwenye thelathini na sita.

Hakuhitaji kalamu. Kilo sita mara arobaini ni kilo mia mbili na arobaini. Ilikuwa sawa na kupakia wanaume watatu wazima ndani ya ndege ambayo tayari imejaa, bila rubani kuambiwa.

Karambu akaketi juu ya mtungi wa plastiki. Kule kwenye kiwanda cha kahawa alikuwa amejijengea jina kwa jambo hili hili. Wakulima wajanja walikuwa wakiilowesha kahawa njiani ili ipate uzito, na yeye aliwakamata kwa kuingiza mkono tu ndani ya kikapu. Aliwarudisha nyumbani wakaikaushe, wengine wakalia, na yeye hakuwaonea huruma. Sasa maji yamepita nyuma ya mgongo wake miaka sita, kwa sababu hayakumwagwa kwa wizi bali kwa kuupenda mzigo, na kwa sababu yalimwagwa akiwa anakunywa chai. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mzee Mbaabu aliwakuta bado wamelitazama gunia. Alikuwa mzee mnene, mkarimu wakati wa harambee, na hakuwa mpumbavu. Aliangalia mshale, akaangalia dimbwi sakafuni, akaelewa.

"Jedidah, enda utuletee chai," alisema. Jedidah alipoondoka akasogea karibu. "Mama Makandi, hayo maji yameshaingia kwa udongo. Wacha yakae huko."

"Mzee, kijana wa watu anaitwa mwizi."

"Kijana amekufa. Jina halimuumi."

"Linamuuma mama yake."

"Na wewe je? Fikiria. Karatasi ilikuwa na sahihi ya nani? Si yangu. Si ya Mukiri. Ukisimama mbele ya huyo mtu wa Embu useme mambo ya maji, ni wewe utakuwa uliangusha ndege. Utaulizwa. Hata kortini unaweza pelekwa. Na ujue kwa banda yangu hutakuwa na kazi."

"Nilikuwa na kazi kabla yako, mzee."

"Kiwanda kilifungwa."

Hilo lilikuwa kweli. Karambu alifungua uzi mwekundu kwenye gunia, akauweka mfukoni, akaenda nyumbani bila kungoja chai.

Usidhani hakuogopa. Aliogopa sana. Binti yake Makandi alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuo cha walimu, na mshahara wa Riungu peke yake haukutosha. Siku ya Jumapili baada ya ibada alitembea hadi kwa Ciakuthii amwambie kabla mtu mwingine hajamwambia. Alifika langoni. Alimwona mama yule ameketi uani peke yake, anapukuchua maharagwe polepole. Karambu akasimama pale, mkono juu ya mti wa lango, akatafuta sentensi ya kuanzia. Utamwambiaje mzazi kwamba maji aliyoyamwaga mwanawe kwa uhodari ndiyo yaliyomuua, na kwamba wewe ndiye uliyeandika kwamba hayapo? Akageuka akarudi. Hilo alilijutia, lakini lilimfanya aamue. Kama hawezi kulisema kwa mtu mmoja langoni, atalisema mbele ya wote. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Jumatatu alikwenda kumwona Nyaga, wakaongea saa nzima. Wakapatana jambo.

Ijumaa ukumbi wa chifu ulijaa hadi madirishani. Waliofika walikuwa wafanyabiashara wa miraa, wazee wa kanisa, wanawake wa sokoni, na Ndambiri aliyekuwa amenawa uso kwa mara ya kwanza wiki ile. Ciakuthii alikaa benchi la nyuma, na pande zake zote mbili palikuwa na nafasi. Mizani ya Karambu ilikuwa imetundikwa kwenye mlingoti mbele ya meza ya mkaguzi, na chini yake magunia mawili.

Nyaga alieleza habari ya vali iliyokatika, habari ya joto, na habari ya uzito usiojulikana ulikotoka. Kisha akasema, "Haya magunia nimepima mimi mwenyewe, kwa hii mizani, leo saa moja asubuhi. Kila moja kilo thelathini. Moja limekaa kavu. Lingine limefungwa na kumwagiwa vile mnafanya kila siku, na nilikaa hapo nikiangalia. Sasa ni saa tano. Mama Makandi, pima."

Karambu akatundika lile kavu. Thelathini. Akatundika la pili. Mshale ukaenda, watu wa mbele wakainuka waone, na chifu akasoma kwa sauti: thelathini na sita na nusu.

Ukumbi ukalipuka. Mbaabu alikuwa amesimama. "Lakini kila mtu anamwagia! Hakuna mtu Tigania nzima hamwagii miraa maji!"

"Ndiyo, mzee," alisema Karambu. "Kila mtu. Ndio maana hakuna mtu aliona."

Akageukia meza. Alikuwa amejiandaa kusema mengi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Uzito niliandika ulikuwa wa kweli saa moja asubuhi. Saa tano ulikuwa uongo, na sahihi ilikuwa yangu. Rubani aliamini mimi. Magunia yalikuwa arobaini, Ndambiri yuko hapa, mwulizeni. Ile kilo mia mbili na zaidi ilikuwa maji na majani. Ningepima mwisho badala ya kupima mwanzo, ile ndege ingekataa mzigo, na injini ikufe isikufe, wangerudi. Hiyo ni yangu."

Alijua kwamba Jumatatu hatakuwa na kazi, na kweli hakuwa nayo. Nyaga alikuwa akiandika. Alipomaliza alimsogezea karatasi na kalamu.

Ndipo Ciakuthii aliposimama kule nyuma. Alisema kwa Kimeru.

"Maji yale, alimwaga Mukiri?"

Karambu akamgeukia. "Alimwaga yeye, mama. Ndiyo kazi tulimpa, na aliifanya vizuri."

"Kwa hivyo mwanangu hakuiba?"

"Hakuiba."

"Nimesikia ukisema." Ciakuthii alimwangalia Nyaga. "Huyo mtu wa serikali amekuandikia hilo?"

Nyaga alieleza kwa upole kwamba ripoti ya ajali huandika sababu za ndege kuanguka tu. Mambo ya wizi ni ya polisi, na hakuna aliyeshtakiwa, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuandika jina la marehemu. Ciakuthii alisikiliza mpaka mwisho. Alianza kuketi.

Karambu akaiweka kalamu mezani.

"Basi mimi siweki sahihi."

"Mama Makandi, haya ni maneno yako mwenyewe."

"Ndiyo. Ni yangu, na hayajaisha. Umeniandikia makosa yangu yote, nimekubali, sikatai hata moja. Sasa andika na hili. Kama haliingii kwa ripoti, liingie kwa maelezo yangu. Andika, kisha soma wasikie, ndio nitie sahihi."

Mkaguzi akaivuta karatasi, akaongeza mstari chini ya mistari mingine, akasimama, akasoma kwa Kiswahili chake cha Embu, kwa sauti iliyofika madirishani: "Mukiri hakuongeza gunia hata moja kwa ile ndege. Hakuiba kitu."

Karambu akatia sahihi. Wanawake wa sokoni walitazama miguu yao, na Mbaabu akatazama nje.

"Soma tena," alisema Ciakuthii.

Nyaga akasoma tena.